Mgeni Wetu Kobe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilimuua kobe kwa halwa. Sikumuua kwa siku moja, wala sikukusudia. Nilimuua kwa muda wa miezi minane, huku nikimpenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho, na hiyo halwa ilikuwa sehemu moja tu ya mauaji yenyewe. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu yote nitakayoyasema baadaye juu ya bustani, majani na matunda yametoka katika kosa lile, na msomaji ana haki ya kujua mwalimu wake alijifunza wapi.

Kwetu ni Ndau, kisiwa kidogo kilicho baina ya Pate na Kiwayu, katika visiwa vya Lamu. Wenyeji wake ni Wabajuni, na kazi yao kubwa ni bahari. Maji matamu kwetu ni ya kuhesabiwa: mvua inaponyesha, maji yake hukingwa juu ya sakafu pana na kutiririka hadi katika birika, nasi twaliita jabia. Mwaka wa ukame mtu hufikiri mara mbili kabla ya kunywesha hata mche mmoja wa mnyanya. Kobe wangu hakuzaliwa kisiwani. Aliletwa na mjomba kutoka ng'ambo ya bara, akiwa mdogo kiasi cha kuenea kiganjani, na gamba lake lilikuwa la manjano lenye mabaka meusi mfano wa ngozi ya chui.

Nilimweka ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, kwa kuwaogopa kunguru. Nilimpa kila kilichokuwa kizuri machoni pangu: wali wa nazi, maharagwe, kipande cha mkate wa mofa, maziwa, tende katika mwezi wa Ramadhani, na siku ya Idi hiyo halwa. Alikula karibu vyote, nami nilipomwona akila nilifurahi, maana mtoto hudhani kwamba kinywa kinachokubali hakiwezi kukosea. Baada ya miezi kadhaa gamba lake likawa laini. Nilipoligusa kwa kidole gumba lilibonyea kama ngozi iliyolowa. Miguu ikashindwa kuuinua mwili. Asubuhi moja nikalivuta sanduku, nikamkuta amekufa. Bibi yangu alinitazama nikilia mpaka nikachoka, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwanangu, kobe ulimwona wapi akienda dukani kununua halwa?"

Swali lile nililichukua mpaka Mombasa. Nilipokuwa nikisomea ualimu katika chuo cha Shanzu, siku za mapumziko nilipenda kwenda Bamburi, mahali paitwapo Haller Park. Zamani palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji. Tangu mwaka 1971 mtaalamu mmoja, René Haller, alianza kuotesha miti juu ya mwamba ule mtupu, hata pakawa msitu wenye wanyama. Watu wengi walipajua kwa habari za kobe mkubwa aliyeitwa Mzee. Baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyeokolewa katika pwani ya Malindi alipelekwa pale, akajibanza nyuma ya kobe huyo kana kwamba amemwona mamaye, na urafiki wao ukasimuliwa duniani kote. Mimi sikwenda kwa ajili ya urafiki ule. Nilikwenda kuwatazama kobe wakila. Nilisimama saa nzima, na nilichokiona ni nyasi: kichwa chini, kinywa kimoja, hatua moja, kinywa kingine, kama ng'ombe aliyepunguziwa haraka. Nilijisikia haya mbele ya jambo jepesi namna ile. Kumbe jibu la swali la bibi lilikuwa likiota kila mahali nilipokanyaga.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta vitabu na kusoma. Nilijifunza kwanza kwamba gamba la kobe si nyumba anayoweza kuihama, kama wengi wanavyodhani. Ni mifupa yake mwenyewe. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo. Kwa hiyo gamba huhitaji madini ya chokaa kama mifupa yetu inavyoyahitaji, na mwili hauwezi kuyatumia vema madini hayo bila ya mwanga wa jua, ambao huusaidia kujitengenezea vitamini D. Kobe wangu hakuwa na chokaa ya kutosha katika wali, wala hakuwa na jua chini ya kitanda. Nilijifunza pia kwamba kobe huyu wa mabaka ni mla majani. Katika sehemu ya nyuma ya utumbo wake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao huchachusha nyuzinyuzi za nyasi polepole na kumpa nguvu. Mtu akimjaza sukari ya matunda na tende, chachu huzidi kiasi, vijidudu wema hushindwa, na tumbo huharibika. Akimlisha maharagwe au nyama humpa protini kupita haja yake, na figo zake hutaabika. Maziwa hana uwezo wa kuyasaga kabisa. Nilipoyasoma hayo nilikifunga kitabu, nikatoka nje kutembea.

Sasa nije kwa mgeni wetu. Nilikuwa nimerudi kufundisha kisiwani, na masika yalikuwa yamekwisha kunyesha, pepo za kusi zimeanza kuvuma. Jioni moja wanafunzi watatu walipiga hodi uani pangu wamebeba kobe mkubwa, mikono minne chini na miwili juu. Walimkuta ufukoni. Walikuwa njiani kumtupa baharini, ila mmoja wao alisema heri Mwalimu aulizwe kwanza.

Nisiwacheke watoto wale, maana walikuwa wakifuata somo walilofundishwa. Bahari yetu ya kaskazini imo katika hifadhi ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na watoto wamekua wakisikia kwamba kasa akikutwa mchangani arudishwe majini. Lakini kasa ana makasia, na kobe ana miguu. Kasa mzima hula majani ya bahari. Ng'amba, ndugu yake, hula sifongo za mwambani. Kobe akitiwa katika kina cha maji aweza kuzama na kufa. Laiti mtoto yule hangeuliza, wema wao ungelikuwa kama wema wangu wa zamani.

Tulimweka chini, nikamchunguza. Ukingoni mwa gamba, upande wa nyuma, palikuwa na tundu lililotobolewa kwa chuma, na kipande cha kamba ya nailoni kingali kimening'inia. Basi hakuwa wa mwitu. Alikuwa amefungwa mahali fulani, na huenda alivushwa kwa chombo kisha akakata kamba au akaachwa. Tena gamba lake, ambalo lilipasa kuwa laini mgongoni kama bakuli lililofudikizwa, lilikuwa limeinuka vilima vilima, kila pande na kilele chake. Wenye elimu husema vilima hivyo hutokana na malezi mabaya ya utotoni: ukavu wa mahali na ukosefu wa maji, lishe isiyofaa, madini haba. Havishuki tena. Nilikuwa nikisoma historia ya mlo wake mgongoni mwake, kama mtu asomavyo barua isiyokuwa yake.

Sheria ya wanyamapori iliyopitishwa nchini Kenya mwaka 2013 ilitaka mtu awe na kibali kabla ya kumfuga mnyama wa mwituni, nami sikuwa nacho. Niliwapigia simu maafisa wanaohusika. Wakaniambia bahari ni chafu, chombo chao hakitapita upesi. Nimtunze vizuri mpaka waje. Walikawia wiki tano. Ndipo nikawakusanya wanafunzi wangu, nikawaambia kwamba tuna mgeni, na kwamba kazi yetu ni kumlisha asiaibike wala asidhurike.

Siku ya pili uani pangu palijaa sadaka. Nani ajuaye watoto wa Ndau atastaajabu? Yalikuwapo maembe, ndizi, mkate, wali uliofungwa katika jani, samaki mkavu, hata mahamri mawili yenye joto. Nikawapeleka katika bustani ya shule, tukaipitia tuta kwa tuta.

Mchicha ulikuwa umestawi, na kila mmoja alidhani huo ndio utakaokuwa chakula chake. Mchicha na mboga za jamii ya spinachi zina asidi ya oksaliki, ambayo hushikamana na madini ya chokaa tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini. Mgeni mwenye njaa ya chokaa asipewe kila siku. Kabichi ina vitu vinavyoitatiza tezi ya shingoni ikiwa mlo wa daima. Majani ya kunde yamejaa protini, basi machache tu. Nyanya iliyoiva ni kitu cha kuonjeshwa, lakini majani yake na mashina yake yana sumu. Kisamvu, ambacho sisi twakitwanga na kukichemsha sana, kikiwa kibichi kina sianidi, na kobe hana chungu wala kinu. Ikawa kila tuta tulilojivunia, tukalipita. Mtoto mmoja akaniuliza kwa masikitiko, "Sasa, Mwalimu, bustani yetu haina kitu?"

Nikawaonyesha njia iliyopita baina ya matuta. Huko, na kando ya ua, ulikuwa umeota ukoka mnene wa masika, ule ule ambao kila Ijumaa wao huung'oa kwa majembe na kuutupa. Huo ndio mlo wake mkuu: nyasi, mbichi na kavu, zenye nyuzinyuzi nyingi na sukari kidogo. Juu yake twaweza kuongeza majani ya maboga na maua yake, majani ya mforsadi, na vipande vya mpungate, madhali miiba imeondolewa kwa moto au kisu. Vile tulivyovipalilia kwa jasho ndivyo asivyovihitaji sana, na tulivyovitupa ndivyo chakula chake. Watoto walicheka, mimi pia. Waswahili husema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu tulimzungushia fito kandokando ya matuta, naye akapewa kazi ya kupalilia kwa kinywa.

Tuliyang'oa kabisa yale yanayoua. Ulikuwapo mbarika nyuma ya choo, na mnanaha karibu na jalala. Yote miwili ilikatwa na kufukiwa. Bustani yetu haikuwa imepuliziwa dawa ya wadudu, maana twatumia jivu. Lau ingekuwa imepuliziwa, nisingalimwacha mgeni aonje hata jani moja. Kadhalika niliamuru kila amgusaye anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa kobe aonekanaye mzima aweza kubeba bakteria wa salmonela.

Kisha akagoma.

Siku ya kwanza aliunusa ukoka, akauacha. Siku ya pili alipita juu yake kama apitaye juu ya mkeka. Siku ya tatu, ya nne, hali ilikuwa ile ile. Aliketi pembeni, kichwa nusu ndani, akitazama upande wa nyumba ambako, nadhani, alizoea kuona mkono ukitoka na kitu kitamu. Nilijua kwamba kobe mkubwa aweza kukaa siku nyingi bila kula asidhurike, lakini kujua kitabuni ni jambo moja, na kulala usiku huku mnyama ana njaa uani ni jambo jingine. Nilianza kuogopa kwamba nitamuua kobe wa pili: wa kwanza kwa kumpa kila kitu, wa pili kwa kumnyima.

Alfajiri ya siku ya tano nilitoka kutawadha, nikasikia mchakato nyuma ya jabia ndogo ya uani. Msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa amechutama, ndizi mbivu mkononi, na kobe akila kwa pupa hata akajipaka usoni. Msichana aliponiona akasimama, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, Mwalimu. Nilimwona atakufa."

"Umempa ngapi?"

"Hii ya tatu. Na mbili za jana."

Sikuweza kumgombeza. Niliketi juu ya jiwe, nikamweleza habari za sanduku la chini ya kitanda, ambazo sikupata kumweleza mtoto yeyote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama watoto waulizavyo, bila huruma: "Kwa hiyo asipewe kitamu hata siku moja?"

Swali lilikuwa la haki. Nilimjibu kwamba kitamu si haramu kwake. Mwituni naye hukuta tunda lililoanguka, lakini hulikuta kwa bahati, baada ya kutembea mchana kutwa. Tukaafikiana juu ya kipimo: tunda mara moja kwa juma, na kipande kisizidi ukubwa wa kichwa chake. Papai, ndizi, embe au tikiti, lolote lililopo. Kipimo hicho ni cha kwangu na yeye, hakimo kitabuni, ila mpaka leo sijaona kibaya chake. Niongeze kwamba kobe si wote wa tabia moja. Wako wale wadogo ambao gamba lao hukunjika kwa nyuma. Hao hupenda matunda na uyoga zaidi. Amlishaye mnyama lazima kwanza ajue ni yupi aliye mbele yake.

Tena yeye ndiye aliyetupatia hila. Alisema mdogo wake hukataa dawa mpaka ichanganywe na uji. Basi tuliukatakata ukoka mdogo mdogo, tukauchanganya na boga lililoparuzwa, kiasi cha nusu kwa nusu, na juu tukaweka ua moja la boga, kwa kuwa macho ya kobe huvutwa na rangi ya manjano na nyekundu. Alikula. Kesho yake tulipunguza boga, kesho kutwa tukalipunguza tena. Siku ya kumi na moja lilikuwa limebaki harufu tu. Siku ya kumi na nne nilitoka darasani wakati wa mapumziko nikamkuta amejipeleka mwenyewe kwenye njia ya matuta, kichwa chini, kinywa kimoja, hatua moja, kinywa kingine. Nilisimama pale pale na chaki mkononi hata kengele ikalia.

Maji tulimtilia katika sinia pana lisilo na kina, naye aliingia humo, akazamisha pua, akanywa kwa muda mrefu ajabu. Maji hayo hayakupotea. Alipotoka yalimwagwa shinani mwa maboga. Lakini lililonifurahisha kuliko yote ni habari ya chokaa. Mjini watu hununua unga wa dukani. Kwetu, pepo zinapovuma, ufuo hujaa mifupa myeupe ya dome, yule ndugu wa ngisi na pweza, iliyo myepesi kama boya na umbo la mtumbwi. Mfupa huo karibu wote ni madini ya chokaa. Tuliuosha chumvi, tukaukausha juani, tukauweka karibu naye bila kumlazimisha. Baada ya siku mbili tulisikia sauti kama ya mtu akwaruzaye ukoko wa chungu: alikuwa akiutafuna. Kobe wa mabaka huko mwituni huonekana wakitafuna hata mifupa mikavu ya wanyama waliokufa; wetu aliutambua mfupa wa bahari asiyoijua.

Katika wiki hizo tulisoma pia jiografia bila kuiita jiografia. Niliwaonyesha kwenye ramani kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, ambako mwaka 1919 waliletwa kobe wanne wakubwa, zawadi kutoka kwa gavana wa Shelisheli. Walizaana, kisha wezi wakawapunguza hata mwaka 1996 wakabaki wakubwa saba tu, ndipo pakajengwa ulinzi. Niliwaonyesha na kisiwa cha St Helena katika bahari ya Atlantiki, anakoishi kobe aitwaye Jonathan, aliyefikishwa huko mwaka 1882, ambaye hukadiriwa kuzaliwa yapata mwaka 1832. Uzeeni alipofuka, akapoteza na nguvu ya kunusa, asiweze tena kuchagua malisho. Ikawa hulishwa kwa mkono matunda na mboga. Msichana wangu wa ndizi aliliinua kichwa chake juu ya ramani, akasema huyo amestahili. Nami nilikubali.

Wiki ya tano ilipotimia bahari ilitulia kidogo na maafisa wakafika. Walimpima mgeni, wakalitazama lile tundu, wakatikisa vichwa. Walieleza kwamba hatafunguliwa mwituni mara moja. Mnyama aliyekaa na watu aweza kuwapelekea wenzake ugonjwa, basi atawekwa peke yake na kuangaliwa kwanza. Mmoja wao aliwauliza wanafunzi amlishe nini njiani, wakajibu kwa sauti moja, tena wakibishana juu ya mpungate.

Msichana alileta pakacha alilolisuka usiku. Nililipokea nikalikagua, kwa kuwa ndiyo kazi ya mwalimu. Juu palikuwa na ukoka, umechumwa na umande wake. Kati majani ya maboga na ua moja. Pembeni mfupa wa dome ulioliwa nusu. Chini kabisa, kimefichwa ndani ya jani, nilikiona kipande cha ndizi. Nilikitazama sana. Hakikuzidi ukubwa wa kichwa chake. Nikalifunika pakacha, nikampa afisa.